Miji ya Walioshindwa

Tangu Kinara kilipowekwa mezani, ukuta wa bwalo haukuongezeka mji hata mmoja.

Salha aliligundua hilo kabla ya wenzake, kwa sababu ukuta ule aliulinda kwa wivu kama mtu anavyolinda bustani yake. Kazini alikuwa fundi wa mawasiliano wa Kambi ya Barafu, kusini kabisa mwa Mwezi. Lakini baada ya chakula, meza ikishapanguswa, yeye ndiye alikuwa mwenye meza: alisimulia mchezo, akawa mlinzi wa lango, akawa muuza ndizi, akawa jini mwenye mafua, na wenzake wakawa wasafiri wanaopita katika nchi aliyoisimulia. Nchi yenyewe ilichorwa ukutani kwa kalamu nene ya bluu. Palikuwa na Bubwini ya Pili, ambako kila nyumba ina mlango mmoja zaidi ya watu wake. Palikuwa na Kwa Mjomba Hayupo. Palikuwa na Soko la Kivuli, ambako jua lilipigwa marufuku na halmashauri.

"Mbele yenu pana daraja la kamba," alisema Salha jioni ile. "Ng'ambo kuna mtu anawapungia mkono. Hamjui kama anawaita au anawafukuza."

Zamani Lupakisyo, dereva wa gari la kubebea udongo, angekuwa keshafika katikati ya daraja kabla sentensi haijaisha. Sasa alikuna kidevu.

"Kuna njia ya kuzunguka?"

"Ipo. Ndefu, na haina lolote la kuona."

"Tunazunguka."

Katikati ya meza Kinara kiliwaka kijani. Kilikuwa kijitaa kirefu kama chupa ya soda, na kilikuwa na sauti ya upole. "Nishani ya Mwangalifu," kilisema. "Lupakisyo." Na Lupakisyo akafumba macho kidogo, maana bangili mkononi mwake ilikuwa imempa utamu.

"Na yule mtu anayepunga?" aliuliza Salha.

"Atachoka."

Daktari Kaniki alicheka. Yeye naye alikuwa mchezaji, na ingawa ni mganga wa kambi nzima, bangili yake alikuwa akiipenda kuliko alivyokubali kusema. Makame hakucheka. Aliegemea mbele, akazungushia viganja kinywani, akamwita yule mtu wa ng'ambo kwa lafudhi ya Kipemba, akamwuliza kama ana habari ya mbuzi aliyepotea mwenye pembe moja na deni la mahari. Kinara kikawaka. "Nishani ya Mwenye Maneno. Makame."

Wote walimgeukia, na Salha akajisikia furaha na kero kwa wakati mmoja. Furaha, kwa sababu Makame alikuwa anaongea. Kero, kwa sababu hakuna aliyevuka daraja.

*

Mchezo wao ulikuwa na sheria ambayo haikuandikwa katika kitabu chochote cha mchezo. Waliitoa utotoni, kwenye vitendawili. Mtu akitegewa kitendawili akashindwa, aliyetega humwambia, nipe mji, naye hutoa mji, na mtegaji "huenda" huko, akaeleza alivyopokelewa, akarudi na jibu. Salha aliiingiza mezani siku za mwanzo kabisa. Dadu ikianguka vibaya, mchezaji hafi wala harudi nyuma. Anaombwa mji. Anautoa, wa kweli au wa kubuni, mwenye meza anakwenda, na anarudi na njia ya kutoka. Kisha mji unachorwa ukutani. Kwa hiyo nchi yote ile, na milima yake na soko lake la kivuli, ilijengwa na watu walioshindwa.

Dadu zenyewe alizichonga Lupakisyo kwa chuma, kwa kuwa zile za plastiki walizokuja nazo zilikuwa zinaelea hewani na kudunda mpaka jikoni. Hapo Mwezini kila kitu huanguka kwa kujivuta.

Halafu watu wakaanza kupungua. Mmoja ana tamthilia yake, mwingine ana simu kwa mkewe, na baada ya ajali ya Kisimani ndio kabisa. Kisimani ni shimo walilokuwa wakichimbia barafu. Ukuta wake uliporomoka na Mcha Khamis akiwa chini, na Makame, mwenzake wa zamu, akiwa juu ameshika waya wa kumpandishia. Makame alikuwa mtoaji mji hodari kuliko wote. Toka siku ile alikwenda kazini, akarudi chumbani, akafunga mlango. Ikafika wakati Daktari Kaniki anamlisha kwa kijiko.

"Wewe una akili za mitambo," daktari alimwambia Salha. "Fanya kitu watu watoke vyumbani."

Ndipo Salha alipotengeneza Kinara, kwa mfano wa michezo ya kwenye skrini, ile inayokupa nishani ukiruka shimo, nishani ukifungua mlango, nishani hata ukisimama tu bila kufanya kitu. Bangili ilisoma mapigo ya moyo na jasho. Kinara kilisikiliza maneno, kikapima nani kafanya jambo, kikatangaza nishani. Kisha bangili ikatuma mshituko mdogo kwenye mshipa wa fahamu, na ubongo ukaupokea kama ile raha ya kulikumbuka ghafla jina ulilokuwa unalitafuta tangu asubuhi. Hakuna dawa, hakuna sindano. Ni utamu tu.

Kosa lake lilikuwa dogo, na ni kosa la mtu aliyekulia kwenye vitendawili. Kinara kilipomtaka akifundishe kushinda ni nini na kushindwa ni nini, aliweka kutoa mji upande wa kushindwa. Hakufikiri hata mara moja. Kwao kutoa mji ni faini ya aliyeshindwa, basi. Kwa hiyo kila aliyetoa mji alipoteza nishani, na watu wazima wenye vyeti vyao wakajifunza haraka kama kuku kutokugusa pale panapochoma. Wakaacha madaraja. Wakazunguka.

*

"Nataka kukiondoa," alisema Salha.

Alikuwa anakimbia kwenye mashine ya mazoezi, amefungwa mikanda ya mpira mabegani ili mifupa yake isisahau uzito. Daktari Kaniki alikuwa ameshika saa.

"Kimbia kwanza."

"Daktari, hawachezi tena. Wanavuna. Jana nimewawekea pango lenye sauti ya mtoto ndani, wakaniuliza kama lina nishani."

"Na Makame?"

Salha aliongeza mwendo.

"Wewe unataka ramani," alisema daktari, "mimi nataka mtu. Makame anakula. Anatania watu. Juzi kanikosoa upishi. Sasa uniambie ukuta wako una upungufu gani unaozidi hapo."

"Lakini anayeongea ni yeye au ni bangili?"

"Nikikupa dawa ya kichwa, ukapona ukacheka, anayecheka ni nani?"

Swali hilo lilimkera Salha, kwa sababu lilikuwa zuri. Akalizungusha kichwani. Kumpa mtu utamu ili akae na wenzake, ni kumsaidia au ni kumnunua? Na kama kanunuliwa, na yeye mwenyewe anaonekana mwenye furaha, nani kadhulumiwa? Angependa sana kujua. Kujua ndiyo iliyokuwa tamaa yake kubwa, hata mama yake alikuwa akimficha redio asije akaifungua aone inavyosema.

"Tuzime utamu siku moja tu," alisema. "Taa iwake, nishani zitajwe, ila bangili zisifanye kitu. Tusiwaambie. Tuone nani atabaki na nini."

"Huko ni kuwapima watu bila ridhaa yao. Mimi nimekatazwa na kiapo changu, na wewe ujikataze mwenyewe."

Salha alifungua mikanda, na daktari akadhani amekubali.

*

Aliuzima utamu siku iliyofuata.

Lupakisyo alikuwa wa kwanza kubabaika. Alipewa Nishani ya Mwangalifu, akafumba macho, akayafumbua. Akaigonga bangili mezani. "Hii mbona haina ladha leo?" alisema, na alipopewa nyingine akaguna tu, akaanza kubishana kuhusu bei ya chumvi katika mji ambao haupo. Daktari Kaniki alipiga miayo, akaitazama bangili yake, kisha akamtazama Salha kwa jicho ambalo Salha alilikwepa.

Makame peke yake hakubadilika. Alipewa nishani, akaitikia kwa kichwa kama siku zote. Akamalizia kisa cha mbuzi mwenye pembe moja, akaongeza na shemeji wa mbuzi. Alikuwa na raha ileile, sauti ileile. Salha alimtazama mpaka akasahau kusimulia, ikabidi akumbushwe kwamba yeye ni mlinzi wa lango.

Asubuhi alimfuata kwenye chumba cha maji, ambako Makame alikuwa amepiga magoti mbele ya chujio lililofunguliwa.

"Bwana Makame, nimekuja kukuomba radhi."

"Umefanya nini tena?"

Akamweleza. Alimweleza yote, mpaka lile la daktari kumkataza. Makame alisikiliza huku anakwangua kutu, kisha akaanza kucheka, kicheko cha chini chini kisichotaka kwisha.

"Mkono gani navaa bangili?"

"Wa kulia."

Alivua glavu. Kutoka vidoleni mpaka juu ya kifundo, ngozi ilikuwa imekunjamana na kung'aa. Ni mkono alioshikia waya siku ya Kisimani, glavu ikapasuka, baridi ikamla. "Huu hausikii hata maji ya moto, na daktari sijamwambia," alisema. "Nimekuwa nikiwaona mnafumba macho, nikadhani mnaona usingizi."

"Hujawahi kuusikia utamu?"

"Unasikikaje?"

Salha aliketi juu ya ndoo. Kumbe yeye na daktari walikosana juu ya utamu wa mtu ambaye haujawahi kumfikia. Alitaka kucheka na hakuweza.

"Sasa ni nini kilikutoa chumbani?"

Makame alirudisha glavu, kidole kimoja kimoja. "Nilikuwa nawasikia kupitia ukuta," alisema mwisho. "Nipe mji, nipe mji. Nilikuwa najiziba masikio kwa mto. Halafu siku moja nikawasikia mnacheza, na hakuna aliyeombwa mji. Siku ya pili vilevile. Nikasema, ngoja nikatazame."

"Kwa hiyo ni miji."

"Hili likiziba mtakunywa kutu," alisema Makame, akageukia chujio lake.

Salha alielewa kwamba amefukuzwa, lakini hakuondoka. Moyo ulimuuma, maana sasa swali lilikuwa limegeuka likawa baya zaidi. Kuzima utamu kusingemdhuru mtu huyu. Ambacho kingemrudisha chumbani ni mchezo wenyewe, ule mchezo mzuri wa zamani ambao yeye Salha alikuwa anaulilia. Angeweza kuacha mambo kama yalivyo, watu wazunguke madaraja mpaka zamu iishe, na Makame ale, atanie, awe salama. Lakini kumwendesha mtu kwa kumficha jambo alikuwa ameshafanya mara moja, na alijionea haya.

"Miji nitairudisha," alisema. "Na Kinara nitakitoa mezani, niwaambie wote nilichowafanyia. Nakuambia wewe kwanza usije ukashtukizwa. Ukija, uje unajua. Usipokuja, chakula nitakuletea mwenyewe na sitakuuliza kitu."

"Sawa," alisema Makame, kwa sauti ya mtu anayetaka uende.

*

Aliwaambia. Lupakisyo alikasirika kweli, akavua bangili akaisukuma mbali. "Mimi usiku mzima nawaza kwamba nimezeeka," alisema, "kumbe umenizima kama taa." Daktari Kaniki alikuwa anakitazama kiti cha Makame, kilichokuwa kitupu.

Walicheza hata hivyo. Daraja lilikuwa palepale, na yule mtu wa ng'ambo bado anapunga. Lupakisyo aliguna, akasema liwalo na liwe, akavuka. Dadu ya chuma ikapanda, ikajivuta hewani, ikaanguka kwenye moja.

"Nipe mji," alisema Salha kwa hamu.

"Nakupa Ipinda Isiyolala."

Salha alikwenda Ipinda Isiyolala. Akapokelewa kwa ndizi na kelele, akapangishwa kwa mwanamke anayefuga vyura wa kuamshia watu, akarudi na kamba ya kuvukia. Daktari alicheka mpaka akajikunja. Lupakisyo alisimama mwenyewe akachora, vyura na yote. Ilikuwa jioni tamu kuliko zote tangu Kinara kije, na kila kicheko kilipokwisha walitazama mlango.

Mwishowe Makame aliingia. Alivuta kiti chake, akaketi, akauweka mkono wa kulia mezani bila bangili.

"Tumefika wapi?"

"Tumevuka," alisema Salha. "Yule mtu anayepunga amesimama mbele ya mlango wa chuma. Hapungi tena. Mlango ni mzito kweli, Bwana Makame. Pengine mwache Lupakisyo ajaribu."

"Nipe dadu."

Aliirusha kwa mkono wa kushoto. Ilipanda, ikazunguka kwa uvivu, na wote wakaifuata kwa macho. Ikatulia kwenye sita.

Salha alishusha pumzi. Alishukuru, na hakuona aibu kushukuru. "Umeshinda. Mlango unafunguka. Hudaiwi mji."

"Nadaiwa," alisema Makame. "Si na wewe."

Akaitazama dadu, si wao. "Mcha akishuka Kisimani alipenda kunitegea vitendawili kwenye redio. Nitaogopa nini, alikuwa anasema, na watu tunaongea? Siku ile alinitegea kimoja, nikashindwa. Akaniambia, nipe mji. Nikampa Wete. Akaanza, nilikwenda Wete... na hapo ukuta ukaporomoka." Akaisukuma dadu kwa kidole. "Nimempa mtu mji, akaenda, hakurudi. Ndiyo maana sitaki kusikia hilo neno. Najua ni ujinga. Barafu haijui Wete. Lakini kila nikisikia nipe mji, namwona anaondoka."

Lupakisyo aliinamisha kichwa. Daktari Kaniki alinyoosha mkono, akauacha karibu na mkono wake bila kuugusa.

"Basi Salha," alisema Makame, "nakupa Kisimani. Nenda."

Salha hajawahi kushuka Kisimani. Alijua tu namba za mitambo yake na ukimya wa redio yake. Aliogopa akisema vibaya atamvunja mtu huyu mbele ya wenzake, na hakukuwa na taa ya kumwambia kama anakwenda sawa. Lakini alikuwa amepewa mji, na mwenye meza akipewa mji huenda.

"Nilikwenda Kisimani," alisema taratibu. "Baridi ilinipokea mlangoni, ikanivisha koti. Watu wa huko ni wapole, wanaongea kwa kunong'ona. Nikamkuta Mcha amekaa juu ya kipande cha barafu, anapangusa redio yake. Nikamsalimu. Akaniuliza habari za juu, nikamwambia Makame bado anatukosoa upishi. Nikamwomba jibu la kitendawili. Akacheka, akasema jibu mnalo huko huko kwenu, msinisumbue. Akanisindikiza mpaka kwenye waya. Nikaushika." Akamtazama Makame usoni. "Nikarudi."

Makame alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayehakikisha.

"Umerudi," alisema.

"Nimerudi."

Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi. Machozi yalimtoka, na hapo Mwezini machozi hayana haraka ya kuanguka, yalimjaa tu machoni mpaka akayafuta kwa kile kiganja kisichosikia. Lupakisyo akamsogezea kalamu ya bluu. Kisha, kwa kuwa alikuwa Lupakisyo, akashindwa kujizuia.

"Samahani kaka. Na kitendawili chenyewe kilikuwaje?"

Makame alikohoa. "Namwita haji. Nikimsahau, huyo kaingia."

Walifikiri. Lupakisyo alisema mgeni, akasema paka, akasema mkopo. Salha alikuwa anaitafutia Kisimani nafasi ukutani kwa macho, karibu na Bubwini, na akili yake haikuwepo.

"Si usingizi?" alisema Daktari Kaniki.

Alilisema kivivu tu, kama mtu anayesoma jina kwenye kopo la dawa, na huenda ni kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akimpa Makame vidonge vya kulalia tangu siku ya ajali. Kisha akakisikia alichosema, akafumba mdomo.

Makame aliganda. Midomo yake ikalirudia lile neno bila sauti. Akaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa kifua kizima, akaegemea meza mpaka dadu zikatikisika.

"Usingizi," alisema. "Mcha yule. Na mimi nikampa Wete nzima."